Ng'ombe wa Kubakiza

Katika ofisi ya walimu ya shule yetu hapa Bunda, mjadala wa mikopo ya chuo hufufuka kila mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia ukiwa umeshamegwa. Mwalimu wa hesabu ndiye huanza. "Wasamehe tu hii mikopo! Mtoto wa mkulima anasomaga kwa shida, anakuja kufundisha watoto wa wakulima wenzake, halafu unamkata. Kosa lake nini?" Mwalimu wa historia, ambaye alisomeshwa na baba mwenye maduka Musoma mjini, humjibu bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai. "Hela ya mkopo, bumu, mlikula wenyewe, viatu mkanunua. Dawa ya deni kulipa."

Huwa najiapiza kwamba safari hii sitaingilia, nitasahihisha madaftari yangu kimya. Sijawahi kutimiza kiapo hicho. Yule wa historia ananiudhi kwa sababu hajui baridi ya kusimama kwenye foleni ya usajili huku ada haijatimia. Wa hesabu naye namuunga mkono, ila ananikera kidogo, maana anazungumza kana kwamba serikali ndiyo peke yake iliyotukopesha. Mimi aliyenikopesha zaidi yuko Mugeta, anachunga ng'ombe na kulima pamba, na hakuwahi kunijazisha fomu yoyote. Ni kaka yangu.

Kwetu, ng'ombe wa nyumba moja wana njia yao. Dada akiolewa, ng'ombe wanaoingia ndio kaka anaolea. Lakini mimi nilikuwa bado nasoma, na kaka alikuwa ameshampata wake, binti wa kijiji cha jirani mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Kwa hiyo baba alitenga ng'ombe wake mwenyewe kwa ajili ya mahari hiyo. Ndipo nikachaguliwa kwenda chuo kikuu, Dar es Salaam.

Mkopo ulitoka, lakini kiduchu. Ulitosha chakula na kipande cha ada, kilichobaki tulitakiwa tujitegemee. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Mimi nadhani mtu fulani alisoma kwamba baba ana ng'ombe, akamwona tajiri. Hakujua kwamba katika zizi la mfugaji kila ng'ombe ana kazi yake tayari: huyu wa mahari, huyu wa msiba, huyu wa maziwa ya watoto. Ukiuza mmoja, kuna jambo la mtu limeuzwa naye.

Kaka ndiye aliyewaswaga wale wa mahari yake kwenda mnadani. Alirudi jioni na kamba tupu begani, akazitundika mahali pake, akaniambia, "Nenda ukasome. Wewe ukiolewa zitarudi. Mimi nasubirigi tu, nina haraka gani?"

Uongo. Haraka alikuwa nayo, na kabla sijamaliza mwaka wa kwanza alishamtorosha yule binti mwenye kicheko. Wakwe walitumiwa wazee, wakalipwa mbuzi wa faini, wakapewa ahadi: ng'ombe watakuja dada yake akiolewa. Kila nilipokuja likizo nilimkuta wifi jikoni kwa mama, mara ana mimba, mara ananyonyesha. Alinipenda na alinichungulia. Nikikohoa, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kama nimekunywa dawa. Nilikuwa nasomea ualimu, kumbe na ndoa ya watu wawili ilikuwa inasoma pamoja nami.

Maana kwetu mwanamke asiyetolewa ng'ombe bado ni wa kwa baba yake, na watoto wake ni wa huko huko. Hakuna anayelisema hilo kwenye siku za furaha. Husemwa msibani, au mtu akilewa.

Nilimaliza chuo, nikakaa nyumbani nikingoja ajira kwa muda ulionizeesha, hatimaye nikapangiwa Bunda. Makato yakaanza na mshahara wa kwanza. Kipindi hicho hicho baba mkwe wa kaka akatuma ujumbe. Hakuwa mkorofi, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Kijana wake naye alitaka kuoa, na ng'ombe wa kuolea walikuwa ndani ya ahadi yetu. Akasema pamba ikishavunwa, kama hajaona ng'ombe, atakuja kumchukua binti yake pamoja na watoto.

Nilikuwa na mchumba wakati huo, tabibu wa zahanati, mtu wa Butiama. Nilimpenda, naandika hivyo hivyo bila kuzunguka. Nilimpenda kwa sababu ni mkweli hadi inakera. Na ukweli wake ndio ulitaka kutuchoma. Alipowatuma wazee wake kuja kuposa, aliwaeleza kila kitu ili wasije wakashangaa baadaye: kwamba yeye anakatwa mkopo wa chuo, na mchumba wake pia anakatwa. Mtu mwingine angenyamaza.

Wazee walifika asubuhi, wakakaribishwa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi na wifi, kwa sababu binti anayeposwa haingii penye mazungumzo. Dirisha la jikoni na la sebule yanatazamana, na shangazi alikuwa amelifungua la kwetu mapema ati moshi utoke.

Msemaji wao alianza kwa maneno mazuri, akasifu mji, akasifu mvua. Kisha akakohoa. "Sasa tuseme ukweli. Binti ni msomi, tunajua, na msomi ana bei yake. Lakini tumesikia ana deni ya serikali. Akishaingia kwetu, hiyo deni inatoka nyumba ya nani? Ya kwetu. Tunaoa binti, tunaoa na deni. Kwa hiyo mtupunguzie."

Nikamsikia baba mdogo, ambaye hasira zake hukaa mlangoni. "Yaani serikali ilitangulia kuposa hapa, sisi hatuna habari?"

"Hatujasema hivyo, mzee mwenzetu."

"Na kijana yenu yeye hana hiyo deni?"

"Anayo pia."

"Basi hawa hawaoani! Madeni ndio yanaoana!"

Wakacheka wote, wa kwetu na wa kwao. Jikoni hakuna aliyecheka. Wifi alikuwa anasonga ugali, na mwiko ukasimama. Alielewa kabla yangu kwamba kila ng'ombe watakayempunguza kwangu watakuwa wamempunguza kwake, na kwamba pamba ilikuwa imeshaanza kupasuka shambani. Alitazama nje, kwa watoto wake waliokuwa wanagombania ganda la boga, na uso wake ukawa kama wa mtu anayefunga mizigo kichwani mwake.

Nikasimama. Shangazi akanidaka kitenge. "Kaa chini. Ukiingia pale umejiuza mwenyewe."

"Shangazi, hawanipunguzi mimi. Wanampunguza huyu!"

"Najua. Kaa."

Nikakaa, nikalia kwa hasira. Nililia kwa ajili ya chuo chote, mihadhara na mitihani na joho la kukodi, kwamba kusoma kwangu kulikodhaniwa kungeinua nyumba hii sasa kunatajwa kama kilema.

Huko sebuleni sauti zilipanda zikashuka, mpaka baba aliposema, "Tunabishana bure. Ng'ombe hizi sio za kwangu. Mwenye nazo ni huyu kijana. Ongeeni na yeye."

Kaka si msemaji. Nikamsikia akivuta kiti.

"Huyu mimi ndiye nilimsomesha," akasema. "Nilipeleka ng'ombe zangu mnadani, hazikutosha. Serikali ikajazia. Kwa hiyo hiyo deni mnayosema, ni pale mimi nilipungukiwa. Sio ya kwake. Msimshushe kwa ajili ya kitu nilipungukiwa mimi."

Akaendelea kabla msemaji wao hajajibu.

"Sasa sikieni. Mimi nina mke hapa na watoto, na wakwe zangu wanangoja. Leteni zile za kutosha nisinyang'anywe watoto. Zile zingine mtaletaga polepole, mkipata. Na moja msilete kabisa."

Baba mdogo aliruka. "Moja isiletwe? Kwa nini?"

"Nibaki na sababu ya kwenda Butiama."

Jambo lenyewe si geni. Wazee wa kwetu husema mahari haimalizwi, anayemaliza yote amenunua. Lakini kwa kawaida mwoaji ndiye hubakiza, kwa ujanja au kwa ufukara, na wa kwetu hudai mpaka sauti ikauke. Sijawahi kusikia mwenye kudai akiomba asilipwe. Msemaji wa Butiama akasema kwa sauti iliyobadilika kwamba za kutosha zitakuja kabla ya mavuno.

Mwiko wa wifi ukaanza kugeuka tena. Ugali ulikuwa umeshika chini, ukanuka moshi, na wageni wakaula hivyo hivyo wakausifu.

Ng'ombe walikuja. Hata zizini kwetu hawakulala, kaka aliwapitiliza moja kwa moja kwa wakwe zake, na shemeji yake akaoa baada ya mavuno. Wifi yuko Mugeta hadi leo, na kicheko chake.

Na kaka kila mwaka, sisi tukiwa huko kwa likizo, huenda Butiama kudai. Huvaa koti, hubeba fimbo, husimama uani kwa mama mkwe wangu na kutangaza kwamba amefuata ng'ombe wake. Mama mkwe hujifanya kushtuka, kisha hukamata kuku. Kaka hula, hunitazama usoni, huwatazama wanangu, huuliza habari za shule, hurudi kwao bila ng'ombe.

Mwaka mmoja alikuja si msimu wake. Mimi na mume wangu tulikuwa hatusemezani. Makato mawili katika nyumba moja, kodi ya nyumba, mtoto mgonjwa, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mzigo. Nilikuwa nimehamia Butiama kwa mama mkwe likizo nzima na sikuwa nimemwambia mtu wa kwetu hata neno. Mume wangu alikuwa amekuja siku hiyo kuwaona watoto. Kaka akatokea na fimbo yake. Mama mkwe aliingiwa na hofu kweli, akasema ng'ombe atatafutwa wiki hiyo hiyo. "Sina haraka, mama," kaka akamwambia. "Nimekuja kuona kama deni yangu inatunzwa vizuri." Akamtazama mume wangu alipokuwa akisema hivyo, na mume wangu akainamisha kichwa. Jioni ile tulizungumza.

Baadaye, nilipojikusanya, nilinunua mtamba mnadani nikampeleka Mugeta. Nilimwambia kaka kwamba huyo ni wa kuanza kulipa wale aliowauza. Alimzunguka, akampapasa nundu, akamsifu.

"Huyu ni zawadi ya watoto," akasema. "Deni iko palepale."

"Basi nisamehe, kaka. Ofisini kila siku watu wanadai serikali iwasamehe, na wewe hutaki hata kulipwa."

"Serikali inakujaga kwako kukuona?"

"Haijawahi."

"Basi hiyo ikusamehe, ni sawa kabisa. Mimi sikusamehi. Mtu akishasamehewa anaachaga kuja."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawa. Akatuambia tuache maneno, chakula kinapoa.