Mtakatifu Leofwaru, Aliyempa Mfiwa Kikombe cha Kwanza

Alizaliwa Leofwaru yapata mwaka 640, katika nchi ya mabwawa ya Waangli, huko Uingereza ya kale, siku ya ukungu mzito hata mkunga akaongozwa njia na mbwa. Baba yake alikuwa mkuu mdogo, mtu wa vita. Mtoto alibatizwa akiwa na miaka saba na mmonaki msafiri aliyehubiri huku amesimama majini hadi magotini, na tangu siku hiyo akawa anasali akifuma nguo kwenye kitanda cha mfumi, midomo ikienda pamoja na mikono. Alitamani utawa. Lakini watu wa baba yake walikuwa wamemwua Beornred, shujaa wa nyumba jirani, na damu ile haikuwa imetulizwa. Basi alipofikisha miaka kumi na minane aliozwa kwa Heahstan, mpwa wa marehemu, ili nyumba mbili ziwe moja.

Waangli walimwita bibi harusi wa namna hiyo mfuma amani. Ni jina zuri, ila wengi waliolibeba waliishia kumlilia mume upande mmoja na kaka upande wa pili. Leofwaru alilijua hilo, akaenda. Mama mkwe wake, Burgwyn, dada wa Beornred, alimpokea bila neno baya na bila neno jema. Mama huyo ndiye aliyeimba maombolezo mbele ya moto uliochoma mwili wa kaka yake, na baada ya hapo hakuna aliyemwuliza lolote. Kisasi kilihesabiwa kuwa shauri la wanaume. Kumbukumbu ya marehemu ilikuwa nafasi yake kwenye benchi la ukumbi: iliachwa wazi, na mtu asiyelipiziwa kisasi hakukaliwa mahali pake.

Mwaka wa pili wa ndoa, wakati wa sikukuu ya majira ya baridi, Tilhere, kaka yake Leofwaru, alikuja kuwatembelea. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi. Aliingia akipangusa theluji, akasalimia huku na huku, akaona nafasi, akaketi. Vichwa vyote vikamgeukia.

“Bwana mdogo,” akasema Eomund, askari mzee kuliko wote, “kwenu mabenchi yameisha?”

“Hapana, mzee wangu. Ila hapa ni karibu na nyama.”

“Mmemwua mwenyewe, sasa mnamkalia. Mkimaliza mtataka na blanketi lake?”

Tilhere alielewa, uso ukamwisha rangi. Lakini kuinuka kwa kufukuzwa kungekuwa aibu ya nyumba yao yote, naye hakuinuka. Silaha zilikuwa zimeachwa mlangoni. Vijana wawili wa Heahstan walikuwa tayari wanautazama mlango.

Leofwaru alikuwa amesimama na kikombe cha pombe ya asali, kwa maana kukibeba ilikuwa kazi ya mke wa mkuu. Utaratibu ulijulikana na kila mtoto: kwanza bwana wa ukumbi, kisha askari wake wazee, kisha wageni. Na bwana, akishapokea, hutamka neno mbele ya watu, na neno hilo halirudi. Leofwaru alimtazama mumewe. Aliona kwamba Heahstan hakutaka vita, na kwamba, akiwa mpwa wa aliyeuawa, neno moja tu, la kisasi, ndilo lililobaki kinywani mwake. Kumruka kulikuwa kumfedhehesha. Mke aliweza kurudishwa kwao kwa dogo kuliko hilo. Akasali kimoyomoyo, akampita mumewe, akaenda hadi pembeni walikokaa wanawake, akapiga magoti.

“Mama,” akasema, “kiti ni cha kaka yako. Sisi wengine tunakigombania tu. Sema wewe.”

Burgwyn akakipokea kikombe. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akanywa, akainuka, akavuka ukumbi polepole hadi kwa Tilhere.

“Sogea,” akamwambia.

Kijana akasogea. Mama akaketi kando yake.

“Beornred naye alikuwa hafungi mdomo. Benchi hili limekuwa kimya mno. Ukikaa hapa, mwanangu, unakuwa wangu, na wa kwangu haguswi. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Basi kula. Na wewe Eomund, acha kunikodolea macho.”

Heahstan akashusha pumzi. “Umenipita mbele ya watu wangu,” akamwambia mkewe.

“Nimekupita, bwana wangu. Nilikuhurumia.”

Heahstan akapokea kikombe mikononi mwa mama yake, akanywa, akalithibitisha neno la mama huyo. Amani hiyo ilidumu maisha yao yote.

Heahstan alipofariki, Leofwaru alijenga monasteri pembeni mwa bwawa, akawa mama wa watawa wanawake kwa wanaume. Burgwyn alimfuata, akafia mikononi mwake. Mwaka wa tauni Leofwaru aliwaosha wagonjwa mwenyewe hadi ugonjwa ukampata. Alilala katika Bwana mwaka 689, akiwa ameulizia kwanza kama waliofiwa wamekula. Husimuliwa kwamba ukungu uliondoka bwawani siku ya maziko, na kwamba Tilhere, mzee tayari, alilibeba jeneza pamoja na wajukuu wa Eomund. Wagomvi wengi waliosali kaburini pake walirudi nyumbani pamoja.

Tunaomuenzi tumuige katika jambo hili moja. Panapotokea ugomvi, sisi hukimbilia wenye sauti na wenye mamlaka. Yeye alimwendea mwanamke aliyekaa pembeni na huzuni yake, akamwamini kwamba ndani ya huzuni ile bado kulikuwa na upendo. Nasi twende huko kwanza, tupige magoti, tusikilize.