Udongo wa Mgombani

Juzi, njiani kwenda Chonyonyo, niliona okidi imechanua juu ya tawi la mti. Mizizi yake ilining'inia hewani, imeshiba umande, bila chembe ya udongo. Nikasimama pale hadi miguu ikafa ganzi.

Niliikumbuka okidi ya mama mdogo, mke mpya ambaye baba, muuza nguo, alimleta kutoka pwani. Baba mwenyewe alimtolea ua lile msituni. Mama yangu hakuwahi kuletewa hata jani. Ua likanawiri mpaka mizizi ikafurika nje ya chungu, na alasiri moja mama mdogo akaja uani na chungu kikubwa zaidi, vipande vya magome na mkaa.

"Bi mkubwa, hivi vitafaa?"

Mama alicheka. "Mdogo wangu, kiumbe hai unakilisha kuni? Ngoja."

Akarudi na kikapu cha udongo wa mgombani, mweusi, wenye harufu ya samadi. Udongo huo mimi nilichapwa kwa kuukanyaga tu! Akaushindilia chunguni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kisha akaumwagia maji. Niliona wivu. Nilidhani mama naye amempenda yule mwanamke kuliko mimi.

Haukupita muda ua likaoza, likanuka. Mama mdogo alilia, na mama akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

Mama alizaliwa Rugu. Utoto wake wote aliokota kuni chini ya miti iliyobeba maua yale.