Jalada la Duka Lililofungwa

Mzee aliyeuza vitabu vikuukuu Jimbocho, Tokyo, mpaka macho yakamgomea, huja dukani kwa Chizuru kila Jumanne kuchagua tableti ya kusomea vitabu. Hulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, huigeuza kutafuta bei iliyoandikwa kwa penseli mgongoni, kisha huirudisha akiguna.

"Babu, herufi unazikuza hivi," Chizuru humwambia huku akipangusa mate kwenye kioo.

Leo alinunua moja, akauliza, "Nikimaliza kitabu, nitamuuzia nani?"

"Huwezi kumuuzia mtu, babu. Wala kumwazima."

"Basi nitazikwa nacho."

Akatoa mkobani karatasi ya kufunikia vitabu, yenye jina la duka lake alilolifunga, akaivisha tableti taratibu, pembe kwa pembe. "Wateja wangu wa zamani hupanda treni ninayopanda mimi," alisema. "Wasinione na tableti."