Kitabu Nilichosema Kimeazimwa

Kosa ni langu. Sitaki mtu anitetee, hata ndugu zangu wakisoma hapa na kunitambua, wasinitetee.

Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Kigali. Nimekulia Tanzania, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima, na tangu hapo maisha yangu ni rafu na vitabu. Wanafunzi hunisifu kwamba kila kitabu nakijua kilipo. Sifa hiyo niliipenda mno, jamani!

Mwaka jana tulipewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi kutumia akili mnemba bila kudanganyika. Nilisimama mbele yao kwa mbwembwe: "Hiyo mashine inaweza kukutungia kitabu ambacho hakipo duniani, pamoja na mwandishi na mwaka! Ikikupa jina la kitabu, usiliandike popote. Lilete kwangu kwanza." Wakapiga makofi.

Msichana mmoja alinisikiliza kweli. Nitamwita Aline, ingawa si jina lake. Anakaa mtaa wa Gatsata, mama yake ni fundi cherehani, na kwao hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo. Alikuwa anaandika tasnifu kuhusu kilimo cha mabondeni kule Masaka, pembeni mwa Kigali. Siku mbili baada ya somo akaja na karatasi.

"Madamu, AI imenipa hii kitabu. Nimeleta kwako kama ulivyosema. Iko?"

Nikasoma. Mwandishi ana jina la Kinyarwanda, mada ni ileile ya Masaka, kila kitu kimekaa sawa. Sikuwahi kukiona. Kompyuta ya kutafutia vitabu ilikuwa mbele yangu! Lakini nyuma ya Aline kulikuwa na foleni ya wenzake, na mimi ni yule anayejua kila kitabu. Nikaona aibu kusema sikijui.

"Iko," nikasema. "Ila imeazimwa."

Akarudi wiki iliyofuata, nikamwambia bado hakijarudi. Mara ya tatu alikuwa amebanwa na tarehe ya kukabidhi. Nikamwambia yale aliyoandikiwa na mashine kuhusu kitabu hicho yanatosha, ayatumie tu, kitabu nakijua. Nakijua! Mungu wangu, ulimi huu!

Siku ya kutetea tasnifu, mwalimu mmoja akasema amekitafuta kitabu kile kila mahali na hakipo, na sura nzima imekitegemea. Aline akajibu, "Iko. Madamu wa maktaba anaijua." Nikaitwa. Nilipoingia alinitazama ametulia kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nikasema, "Wanafunzi wanaokuja kwangu ni wengi. Huyu simkumbuki."

Hakulia. Aliitikia tu kwa Kinyarwanda, "Yego, Madamu," yaani ndiyo, kwa sauti ndogo. Tasnifu ikakataliwa kwa udanganyifu, naye akafukuzwa chuo.

Tangu hapo sina amani. Najua kitabu kile kingekaa rafu gani, na kila asubuhi najikuta nimesimama pale, nimetenganisha vitabu viwili kwa vidole, natazama nafasi iliyo katikati. Mwenzangu aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nafuta vumbi.

Mwezi uliopita nilimkuta Aline kwao Gatsata, kibarazani kwa mama yake, anashona vifungo. Akasimama, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Madamu, mwihangane, samahani, nakusumbua. Ile kitabu ilirudi? Ikirudi unipigie, niwapelekee waone sikudanganya."

Bado anaamini kipo! Nilimkana mbele ya watu, naye akadhani nilimsahau tu. Na mimi, pale pale, mama yake akinitafutia kiti, nikajibu, "Bado."

Ole wangu!

Ninyi mnaowafundisha watoto wa watu wasiiamini mashine ovyo, nisikilizeni. Somo nililifundisha vizuri, na Aline alilitii neno kwa neno. Mashine ilimdanganya mara moja, mimi namdanganya hadi leo. Mwanafunzi akikuuliza kitabu usichokijua, inuka mkitafute pamoja, foleni ingoje! Msipokiona, mwambie hakipo. Na kama umeshadanganya, ukiitwa mbele ya watu sema ni mimi, hata kama utachekwa, hata kama utafukuzwa kazi. Mimi kazi yangu bado ninayo. Namba ya Aline pia ninayo, na kila nikishika simu najua anangoja nimwambie kitabu kimerudi.