Sista na Swali la Nasuri

Kila mlango aliobisha, Sista alijibiwa neno lile lile: "Hapa hatuna." Alikuwa muuguzi mstaafu, miguu imemvimba, na kazi aliyopewa na hospitali ilikuwa kuwauliza watu habari za makalio yao mchana kweupe. Walitaka kukadiria ni wangapi mjini wanaishi na nasuri, kale katundu kanakochimbika kando ya njia ya haja kubwa, kakavimba, kakapasuka, kakatoa usaha, kisha kakaanza upya.

Fundi cherehani alicheka hadi akashika mbavu. "Sista, magonjwa yote haya, ukaona uchague hilo?" Mama mmoja alimfungia mlango usoni kabla hajamaliza salamu. Naye Sista hakuwa na nguvu ya kukasirika. Aliinua mkoba, akasogea mlango wa pili.

Mwisho wa mtaa ule ilikuwa nyumba ya kaka yake, dereva wa malori aliyeacha kazi akisema mgongo umemchosha. Mara ngapi Sista alikuwa amemletea dawa ya kuchua! Aliingia, akaketi, akalitoa lile swali kwa mazoea tu, kama anayepiga mwayo.

"Hapa hatuna," kaka akajibu. Alikuwa amesimama, ameegemea dirisha.

Nyuma ya nyumba, wifi alikuwa anafua. Karai likabamizwa chini, akatokea mlangoni mikono ikichuruzika povu.

"Mwambie dada yako, au nimwambie mimi. Nimechoka kuanika mashuka chumbani kama mwizi."

Sista alimtazama kaka yake, mtu mzima mwenye mvi, akitafuta pa kuyaweka macho.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha lori. Kukaa kulinishinda."

"Na mimi nakuchua mgongo! Kaka, maisha yangu yote nimeosha vidonda vya watu."

"Hao ni watu baki. Wewe nimekubeba mgongoni. Nikuvulie suruali wewe?"

Sista alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alijiona mjinga, tena mjinga aliyechoka.

Kesho yake alimweleza daktari aliyesimamia utafiti, binti wa umri wa mwanawe. "Ndugu yangu wa tumbo moja amenificha. Hao wengine je?"

"Wengi watatuficha," daktari akasema taratibu. "Hata wanaokuja hospitali ni wale waliozidiwa tu. Makadirio yetu yatakuwa chini ya ukweli, na tutasema hivyo waziwazi."

"Sasa natembea kwa ajili ya nini?"

"Kwa sababu leo hatuna hata hayo ya chini. Ukiomba chumba cha pili cha upasuaji bila makadirio, unaulizwa wagonjwa wako wako wapi." Akavuta kiti karibu. "Kaka yako mlete."

Kaka alipasuliwa. Kidonda kiliachwa wazi ili kipone kuanzia ndani, na kilikawia kweli kweli kupona. Kukisafisha alimkubali muuguzi wa kiume peke yake. Sista alikuwa akiketi varandani na wifi, wakimsikia akiguna. Siku za kwanza kaka alimnunia dada yake. Baadaye akaanza kumwita anywe chai, na huo ndio ukawa msamaha wao.

Sista akarudi mitaani. Sasa hakuanza na swali. Aliomba maji, akaketi, akasema, "Kaka yangu amenipa ruhusa niseme yaliyomkuta." Wengine walifunguka. Wengi walitikisa kichwa, na aliwaacha hivyo, akijua baadhi yao wanadanganya na hana la kuwafanya. Magoti yaliuma, jua likamchoma utosi.

Alasiri moja mwanamke mnene alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ajaribu kwingine. Sista alikuwa amekwisha kufika getini aliposikia akiitwa.

"Huyo daktari wenu... ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

Yule mama akachungulia barabarani, kulia na kushoto, kisha akaufungua mlango zaidi. Sista akashusha pumzi, akarudi ndani.