Mume Asiyekopesheka

Kamati ya mikopo ilinikataa tarehe 9 Julai 1988, na ilinikataa kwa heshima. Mwenyekiti alinipa kiti, akaniuliza hali ya watoto, akasema hisa zangu zinatosha na mshahara wangu unatosha, tena katika miaka yote ya uanachama sikuwahi kuchelewa.

"Shida si wewe, Mama," alisema. "Shida ni huyo mnayelala nyumba moja."

Nilikuwa karani wa rekodi katika hospitali moja ya Kisumu, na chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa cha wafanyakazi wa hospitali hiyo. Nilikifikia kiti cha karani kwa njia ndefu. Niliingia darasa la ngumbaru mwaka 1973, nikiwa mama wa watoto watatu, na mwaka 1977 nikafanya mtihani wa darasa la saba katika chumba kimoja na watoto walioniamkia shikamoo kabla ya kukaa. Tangu hapo siandiki tarehe kwa kukisia.

Mume wangu alikuwa dereva wa hospitali hiyohiyo. Mwaka 1981 alikopa chamani ili tununue ploti, kwa sababu nyumbani kwao, upande wa Ahero, maji yalikuwa yakibomoa kuta zetu za udongo kila mvua ilipozidi, nasi tulitaka mahali palipoinuka. Fedha zilipotoka tu, baba yake akafariki. Kaka yake mkubwa akasema mzee hawezi kuzikwa kama mtu asiye na wana wenye kazi mjini. Fahali wakachinjwa, wageni wakalishwa mpaka wakachoka wenyewe, na nusu ya ploti yetu ikaishia kwenye sufuria.

Mume wangu alitaka kuliziba pengo hilo upesi. Akaacha udereva, akaenda kununua omena, dagaa wa ziwani, huko Usenge, pwani ya ziwa nilikozaliwa, ili auze Kisumu. Omena hukaushwa kwa jua, na msimu ule mvua haikukatika. Zikaoza palepale zilipoanikwa. Mtu asiye na mshahara hana mahali pa kukatwa, kwa hiyo chama kikawakata wadhamini wake watatu mpaka deni likaisha. Jina lake likabandikwa ukutani, kando ya mlango wa ofisi ya chama, chini ya maneno mawili: wadaiwa sugu. Niliupita ukuta huo kila asubuhi nikienda kazini, kichwa changu kikiwa juu.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa Mamboleo. Ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, bati zima, na kiwanja cha kutosha kando yake. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka kurudi kwao Kakamega, na fedha za kutangulizia nilikuwa nazo. Alinipenda, lakini hakunificha.

"Nitakungoja mpaka Desemba iishe," aliniambia. "Januari namwuzia mtu mmoja mwenye malori, naye anaitaka. Mimi pia ni mzee, Mama, siwezi kungoja mpaka nizikwe hapa."

Nilirudi kwa kamati mwezi wa Agosti na kuuliza wanataka nini hasa. Walitaka mambo mawili. Kwanza, hatimiliki iwe na jina langu pekee, la mume wangu lisionekane popote. Pili, wadhamini watatu. Wauguzi wawili, rafiki zangu wa kanisani, walikubali siku hiyohiyo. Wa tatu sikumpata. Kila niliyemwendea alinisifu, kisha akamkumbuka mume wangu, kisha akakumbuka kwamba ana safari.

Nilimweleza mume wangu mambo hayo mawili wakati wa chakula, nikiwa tayari kwa hasira yake. Wakati huo alikuwa akiendesha lori la mchanga siku ambazo dereva wa lori hilo aliumwa, na siku nyingine hakuwa na kazi. Alimaliza kutafuna.

"Jina langu limechoka," alisema. "Weka lako."

Kaka yake hakulichukulia jambo hilo hivyo. Alikuja Jumapili, akanywa chai yangu vikombe viwili, akaanza.

"Kwa hiyo mke ndiye mwenye nyumba, na wewe mpangaji. Kodi utalipa tarehe ngapi?"

"Ataniambia," alijibu mume wangu. "Tarehe anazijua yeye."

"Omera, ndugu yangu, mimi sicheki!"

"Hata mimi sicheki. Nauliza tu kama utaongeza chai."

Shemeji akaweka kikombe chini. Kwetu Wajaluo, alisema, na hilo nililijua tangu utotoni, mwanamume haingii katika boma lililoanzishwa na mwanamke. Mwenye boma hufika kiwanjani mapema na jogoo na shoka, huchimbia nguzo ya kwanza kwa mkono wake, na mkubwa wa ukoo husimama hapo kushuhudia. Boma likianzishwa kinyume, watu husema mwenyewe hatadumu. Baba yao alikuwa hayupo; mkubwa alikuwa yeye. "Na mimi," alisema akichukua kofia yake, "sitasimama mbele ya matofali ya mwanamke."

Alipoondoka, mume wangu alivikusanya vikombe. Kisha akaniuliza, "Wa kwanza kukatwa mshahara alikuwa yule mpishi, sivyo?"

Mpishi wa hospitali alikuwa mtu wa Ahero. Alikuwa bado kazini na bado mwanachama. Miongoni mwa wadhamini wale watatu, yeye ndiye aliyekuwa ameacha kabisa kumsalimu mume wangu. Tulimwendea Jumamosi iliyofuata. Alikuwa na shamba la mpunga katika skimu ya umwagiliaji, nyumba yake ikiwa karibu na mfereji. Mume wangu alianza kusema, mpishi akamwinulia kiganja.

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu," alisema akimwonyesha mke wake. "Mimi nilikatwa mshahara. Yeye alikatwa maneno. Majirani walimwuliza kwa nini hata Krismasi anakula mboga."

Mke wake alikuwa akipepeta mchele, na hakuuacha ungo.

"Karibuni," alisema. "Nyar Usenge, binti wa ziwani, wewe sina neno nawe. Lakini huyu bwana wako, kama amekuja kuomba sahihi, kalamu yetu imekauka."

"Sikuja kuomba sahihi, Mama," alisema mume wangu. "Nimesikia hamjapata mtu wa kufukuza ndege."

Mwanamke akaacha kupepeta. Kufukuza ndege katika mpunga ni kazi ya watoto. Mpunga unapoanza kubeba, ndege wadogo hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu huliwa kabla ya kuvunwa. Anayelinda husimama kwenye tuta tangu kunapokucha, akipiga debe na kupiga kelele mpaka sauti impotee.

"Wewe?" aliuliza. "Dereva mzima na ndevu zako?"

"Ndege hawaogopi leseni."

Mpishi alicheka kabla hajaweza kujizuia. Mke wake hakucheka, lakini alimwonyesha debe lilipo.

Mume wangu alilinda shamba lile tangu katikati ya Septemba mpaka mavuno ya Novemba. Alilala kwa kaka yake, ambaye nyumba yake haikuwa mbali, na nilisikia kwamba kaka alimwona kwenye tuta kila alipopita barabarani. Watoto wa skimu walimpa jina la utani wakawa wanauiga mlio wake wakitoka shule. Mimi nilimwendea mwisho wa kila juma na chakula. Mara ya kwanza nilipomwona, mwanamume aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa akiwa amevaa viatu vya kweli, sasa yuko miguu mitupu kwenye matope akiwapigia kelele ndege, nilitaka kumwambia twende nyumbani, nyumba iende zake. Aliniona uso.

"Usinionee huruma," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Hapa hakuna anayeniita mdaiwa. Hata ndege wananijua kwa kazi."

Mpunga ulivunwa bila kupungua. Tarehe 21 Novemba mpishi alinijia katika ofisi ya rekodi akiwa na aproni yake, akauliza ni wapi anapoandika. Alikuwa ameambiwa na mke wake, alisema, kwamba asirudi nyumbani bila kuandika. Mkopo ukapita wiki hiyo. Tulimlipa mwalimu mbele ya wakili tarehe 19 Desemba, nami nikatia sahihi peke yangu, kwa mwandiko niliojifunza nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikiuandika polepole kwa sababu niliupenda.

Nyumba ikawa yetu. Lakini mume wangu hakuingia ndani. Alisimama uani, akaitazama kana kwamba ni ya watu wengine. Nilijua anachokitazama. Karatasi ilikuwa imeniridhisha mimi na kamati, lakini haikumwambia yeye alale wapi.

Baada ya Mwaka Mpya alikuja na suluhisho lake. Kwenye kile kiwanja cha kando angejenga jiko la udongo, kijumba cha kupikia, kwa mkono wake mwenyewe, lianze asubuhi na liishe siku hiyohiyo, kama boma linavyoanzishwa. Tungelala humo kwanza. Baada ya hapo, nyumba ya matofali ingekuwa chumba tu ndani ya boma lake. "Na mkubwa wa kusimama?" nilimwuliza. Akasema amempelekea kaka yake habari, na kwamba hakujibiwa.

Siku ya tarehe 14 Januari 1989 tulifika na jogoo, shoka na makaa ya moto kwenye chungu. Mpishi alikuja na mke wake, na gunia la mchele. Tulingoja. Jua lilipopanda, mume wangu alishika shoka na kuanza kuchonga nguzo bila mtu wa kusimama, nami sikuweza kumtazama.

Ndipo tukasikia sauti kutoka barabarani.

"Nani mjinga ameweka lango hapo?"

Shemeji alikuwa amevaa koti lake la mazishi na kofia. Hakutusalimu. Alitembea mpaka mahali tulipopanga lango, akalipima kwa hatua, akatikisa kichwa.

"Mvua ikinyesha, maji yote ya Mamboleo yataingilia hapa. Hamjafunzwa na Ahero? Ng'oeni!"

"Nyumba ni ya mwanamke, kaka," alisema mume wangu. "Unajisumbua bure."

"Nyumba sijaiuliza. Nauliza lango. Leta hiyo nguzo, na uchimbe kama mtu aliyekula. Kelele za ndege zimekumaliza nguvu?"

Wakahamisha lango wakibishana mpaka adhuhuri. Kisha kaka akasimama nyuma ya mdogo wake, mikono nyuma, huku nguzo ya kwanza ya jiko ikizamishwa ardhini, na mimi nikaingia langoni na moto.