Alimgombeza Mgonjwa, Mungu Akasikia

Shangazi yangu wa Beni hapigi simu asubuhi bila sababu. Asubuhi, kwake, ni ya kufagia uwanja na kunywa chai. Kwa hiyo wiki iliyopita simu ilipolia kabla sijafungua mlango wa atelye ninakoshona hapa Butembo, nilijua kuna msiba kabla sijapokea. Hakunisalimu. "Yule mama wa ku chorale, mwenye mulizoea kukaa naye, alilala jana, hakuamuka. Banasema ni tansio, ile presha." Nikamwuliza kama ana hakika. "Mutoto wangu, mi natoka kumuosha." Basi. Mtu akishaoshwa hakuna tena cha kuuliza. Nilikaa pale kwenye ngazi, ufunguo mkononi, wateja wawili wakanipita wakidhani naota ndoto zangu za kila siku. Ninyi mnaonisoma kwenye gazeti hili mnanijua: mimi ni wa kucheka, wa kuamini kwamba siku moja lami itafika hadi mlangoni kwa bibi yangu. Leo niruhusuni nilie kidogo. Kicheko kitajiingiza chenyewe, maana marehemu alikuwa nacho kingi.

Tulijuana kwa sababu ya uchelewaji wangu. Zamani hizo nilikuwa naishi Beni kwa huyo shangazi, na Ebola ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa imeanzia Mangina, ikaja kwetu, ikafika hata huku Butembo. Mama huyu aliugua, akapona. Mumewe na mabinti zake wawili hawakupona. Walizikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki, yeye akiwa bado kitandani, bila kuoshwa na mkono wa ndugu, bila mtu wa kuwalilia kwa karibu. Alirudi nyumbani na karatasi inayosema hana tena ugonjwa, lakini woga haujui kusoma karatasi. Kanisani alikaa benchi nzima peke yake. Mimi nikaingia somo la pili limekwisha kuanza, nikatazama huku na huku, nafasi ilikuwa kwake tu. Nikakaa. Akanong'ona bila kunigeukia: "We, hauniogope?" Nikamjibu ukweli wangu: "Mama, mi naogopa padri, akiniona tena nimesimama nyuma." Aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yakatikisika kwa kicheko mpaka kiongozi wa chorale, kwaya ya kanisa, akageuka. Tangu Jumapili ile benchi ikawa yetu wawili. Baadaye alinivuta niimbe naye, ingawa sauti yangu, alisema mwenyewe, ni ya kufukuza kuku mu mahindi.

Kazi yake wakati ule ilikuwa ya ajabu, na nadhani wengi wameshaisahau. Karibu na kituo cha matibabu palikuwa na kreshi, nyumba ya kuwatunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Watoto hao walikuwa wanaangaliwa kama nao wataugua, kwa hiyo si kila mtu aliruhusiwa kuwabeba. Muuguzi akiingia amevaa glavu, miwani na yale mavazi, anafanana na gunia linalotembea, na mtoto mchanga haelewi gunia. Anataka ngozi. Anataka harufu ya mtu na jasho la shingo. Ndipo wakatafutwa waliopona, tuliowaita washindi, kwa kuwa madaktari walisema ugonjwa ule hauwarudii kwa urahisi. Fikirini jambo hilo: mji uliokuwa unawakimbia, ghafla ukahitaji mikono yao, na mikono yao tu. Mama huyu alienda akabeba, akalisha kwa chupa, akabembeleza. "Batu banaogopa kunipa mukono," aliniambia akicheka, "lakini bananipatia batoto babo. Utafanya je? Unabeba tu."

Mmoja wa watoto hao alikuwa msichana wa miezi michache kutoka upande wa Mangina. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama yake alilazwa ng'ambo ya uzio, katika kile chumba cha plastiki nyangavu kilichoruhusu ndugu kumwona mgonjwa bila kumgusa. Sasa, sisi Wanande tunampa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Msichana wa pili, jina lake linamngoja hata kabla hajatungwa mimba. Mtoto huyu alikuwa msichana wa pili. Mmoja wa wale mabinti wa mama huyu waliozikwa pia alikuwa msichana wa pili. Kwa hiyo kila mama huyu alipomwita mtoto aliyembeba, jina lililotoka kinywani lilikuwa la marehemu wake. Watu wakaona ishara. Bibi wa mtoto, upande wa baba, alikuja hadi kwenye uzio, amechoka kwa kuzika, akasema bila kuficha: "Mama yake akikufa, sisi hatuna tena nguvu. Baki naye. Hata jina, Mungu amekuonyesha." Majirani wakaitikia kwamba Mungu amemrudishia. Shangazi yangu pia alisema hivyo, tena kwa machozi. Mama mwenyewe akawajibu kwa mzaha: "Ile jina? Muende ku soko muiite kwa nguvu, muone kama nusu ya banamuke habatageuka." Lakini wiki ileile aliniletea kitambaa cha maua, nimshonee mtoto robe, yaani gauni. Nilikuwa bado najifunza cherehani. Kipimo alichonipa kilikuwa cha mtoto wa mwaka na zaidi, mtoto ambaye, kwa hesabu ya moyo wake, angekuwa bado nyumbani kwake mwakani. Nilishona bila kuuliza.

Yule mgonjwa alipoambiwa kwamba mumewe amezikwa, aligeukia ukuta. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, wauguzi walisema, lakini mwenyewe alikataa maji, alikataa uji, alikataa kuitika. Kila siku mama huyu alikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwenye ile plastiki ili mzazi amwone. Siku moja mkubwa wa zamu akamwambia: "Leo acha tu, mama. Hata hageuke tena. Utasumbua mutoto bure." Asingeenda, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwake, amenenepa, na familia ilikwisha kusema neno lake. Mwenyewe alinisimulia haya tukiwa tunachambua maharagi kwenye uwanja wake, macho yake kwenye ungo: "Nilikwenda kwanza kusali. Nilipiga magoti nyuma ya tanki ya maji, nikaanza Baba yetu. Kufika pa 'utakalo lifanyike', mudomo ikagoma. Sababu nilijua mi mwenyewe niko nataka nini. Nikaamuka bila amina."

Kisha alikwenda kwenye ile plastiki, mtoto begani, akaanza kufoka. Kituo kizima kilisikia. "We mama! Unalala tu sawa malkia, na mi niko nakulelea mutoto? Mutoto wako ni mulafi! Anamaliza chupa, anakojolea kitenge yangu, analia sawa mbuzi. Mi nimechoka! Mi si mutumishi yako! Kunywa maji, uamuke, ukuye umubebe mwenyewe!" Muuguzi akaja mbio kumzuia: mtu anakufa, wewe unamtukana? Ndani ya plastiki yule mwanamke akageuza kichwa polepole. Midomo ikacheza. Muuguzi aliyekuwa naye ndani akainama, kisha akatuma maneno nje: "Anauliza, chupa yote anaimaliza?" Mama huyu akapaza sauti: "Yote! Na anadai ingine!" Mgonjwa akafanya kitu kinachofanana na kicheko, akanyoosha mkono kuomba kikombe.

Mama huyu hakuwa amechoka hata kidogo. Ulikuwa uongo mtupu, na kila mtu aliyemwona na mtoto yule anajua. Yule mwanamke alikunywa siku hiyo, kesho yake akala, na baada ya muda akatoka na karatasi yake kama washindi wengine, wauguzi wakimwimbia na kupiga makofi. Mtoto alikabidhiwa akiwa amevaa ile robe ya maua, imemzidi, mikono imekunjwa mara mbili. Alipobadilishwa kutoka kifua hiki kwenda kile, alilia na kunyoosha vidole kumrudia aliyemzoea. Mama mzazi akashukuru kwa Kinande, "Wasingya, mama. Nitamuleta akuone." Akaondoka. Haukupita muda, vita vikafika upande wao, watu wakakimbia kila mmoja njia yake, na ile namba ya simu aliyoiacha ikawa haipatikani. Mtoto hakuletwa kamwe. Nilipomwuliza mama huyu kama haumii, aliniambia, "Anaishi. Ndo ile tu." Halafu, maharagi yakiwa yanakaribia kwisha: "Unajua, ile matukano ndo ilikuwa sala yangu. Ingine haikutoka."

Nimefikiri sana juu ya sala hiyo. Kwetu huku, Beni, Mbau, Butembo, tumezoea ushuhuda. Mtu anasimama mbele ya kanisa, anasema Mungu amenitoa porini kwa waasi, Mungu amenipitisha kwenye barabara ambako wengine waliuawa, na sisi tunapiga vigelegele. Ni haki kushukuru. Lakini mama huyu, aliyepona ugonjwa ulioua nyumba nzima, hakusimama hata mara moja. Nilimsukuma, maana niliona ana ushuhuda kuliko wote. Akanikatalia: "Nikisema Mungu amenipenda akaniponya, bale bana bangu balimukosea nini?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ninachojua ni kwamba hakuacha kuja misa. Alikuja na swali lake, akakaa nalo kwenye benchi, akaimba. Mahema ya kituo yaliondolewa, magari makubwa yakaenda zake, kazi ya kubembeleza ikaisha siku moja kama ilivyoanza. Pale palipokuwa na kreshi sasa watu wamepanda mahindi. Yeye akarudi kuuza mafuta ya mawese sokoni, na wateja waliomsahau walimpa mkono bila kujua kwamba huko nyuma waliwahi kumwogopa.

Nilipanda moto, pikipiki zetu hizi, hadi Beni kwa mazishi. Padri alipouliza nani atasema kwa niaba ya familia, tukainuka sisi wa chorale wote, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mimi nilipewa neno, na machozi yakanizidi nikaimba badala ya kusema, kwa ile sauti yangu ya kufukuza kuku. Nilichotaka kusema ni hiki, na leo nakisema. Tulipokuwa hatuna tumaini, tulitazama juu, tukimngoja Mungu ashuke na jeshi au na dawa. Mwaka ule alikwenda kwa mwanamke aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu, na kwa mwanamke huyo akaomba tena kitu kimoja cha mwisho. Rehema iliyomfikia yule mgonjwa ilimgharimu mwanamke mwingine mtoto. Tunapoimba kwamba Bwana ametuokoa, tuulize pia alipita kwa nani, na huyo mtu alirudije nyumbani jioni ile.

Na wewe mama uliyekunywa maji siku ile, kama uko Oicha, kama uko Kanyabayonga, kama uko katika hema la waliokimbia na gazeti hili limekufikia likiwa limefungia chumvi, sikudai kitu. Najua barabara zetu. Najua kwa nini hukuja. Binti yako sasa ni wa kwenda shule. Mketishe, mwambie kwamba kabla hajajua kutembea kulikuwa na mwanamke mmoja Beni aliyemtaka kuliko kitu chochote chini ya mbingu, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyemrudisha kwako.